Armagnac: acheni kuionea Baco

"Nipe ya Folle Blanche. Hiyo Baco ni chotara, si Armagnac halisi." Armagnac ni brandi ya Gascony, kusini-magharibi mwa Ufaransa; Folle Blanche na Baco ni aina za zabibu zinazoitengeneza. Wateja wanaoniambia hivi huwa wamesoma kurasa mbili tu, na zote mbili zimewapotosha.

Zamani Folle Blanche ndiyo iliyotawala mashamba ya Gascony. Kisha filoksera, mdudu anayeua mizabibu kwa kunyonya mizizi, akaiangamiza. Tiba ilikuwa kupandikiza juu ya mashina ya Kimarekani. Mdudu akashindwa, lakini balaa jingine likaingia: juu ya mashina hayo Folle Blanche hushamiri kupita kiasi, vichala hubanana, na mvua za Atlantiki zikinyesha, zabibu huoza zingali mtini. Mwaka 1898 François Baco, mwalimu wa shule kule Landes, akaichanganya Folle Blanche hiyohiyo na Noah, aina yenye asili ya Marekani. Yaani mnamsifu mzazi na kumtukana mtoto! Baco 22A ilivumilia magonjwa, ikaukubali mchanga wenye chuma wa Bas-Armagnac, sehemu ya magharibi ya eneo la Armagnac, na kusaidia kulirudisha eneo hilo kwenye mizabibu. Brandi yake ni nzito, hutaka miaka mingi katika pipa la mwaloni. Folle Blanche ni laini, inanukia maua, na hunyweka mapema; naipenda pia. Kuna wakati kanuni zilitaka Baco ing'olewe kabisa. Uamuzi ukafutwa, na ilikuwa haki.

"Armagnac ni Cognac ya bei nafuu." Hapana. Cognac, brandi nyingine ya Ufaransa, hukenekwa mara mbili, yaani mvinyo huchemshwa na mvuke wake wa kilevi kukusanywa. Armagnac nyingi hupita mara moja tu kwenye mtambo wake wa safu, mnara unaokeneka mfululizo, hutoka na kilevi kidogo zaidi, na ladha ya zabibu haichujwi sana.

"Gascony ni mizabibu mpaka macho yachoke." Nenda Gers, katikati ya Gascony, uone mahindi, alizeti, bata na misitu ya mialoni, mizabibu ikiwa vipande katikati. Haut-Armagnac, sehemu ya mashariki ya eneo la Armagnac, imebaki na michache sana. Tena zabibu nyingi za Gascony sasa huishia kwenye mvinyo mweupe wa Côtes de Gascogne.

"Nimeiweka kabatini miaka kumi, imekomaa." Imekomaa vumbi. Brandi hukua ndani ya pipa. Ikishatiwa chupani, umri umesimama. Kwa hiyo mwaka wa mavuno peke yake haukuambii kitu: ya 1985 iliyotiwa chupani 1997 ina miaka 12, hata ukiinunua leo. Tafuta mwaka wa kutiwa chupani kwenye lebo. Haupo? Irudishe rafuni.