Kwa nini Ramadhani huzunguka mwaka mzima, ilhali Pasaka haiendi mbali?

Machi 2025 Waislamu na Wakristo wengi walijikuta wakifunga pamoja: Ramadhani iliandama mwanzoni mwa mwezi, na Jumatano ya Majivu ikaangukia tarehe 5. Lakini anayekumbuka 1997 anajua kwamba mwaka ule Ramadhani ilianza Januari, na Kwaresima haikuwa mbali na ilipo leo. Mbona mmoja ahame na mwenzake asihame?

Chanzo ni siku 11. Mwezi ukiandama leo, utaandama tena baada ya siku 29 na nusu hivi. Miandamo 12 hutoa siku 354, na mwaka wa jua una siku 365 na robo. Swali ni nini kifanywe na hizo zinazopelea, na hapo ndipo dini tatu zinapoachana.

Wayahudi huzifidia. Kumbukumbu la Torati 16:1 inaamuru Pasaka iwe mwezi wa Abibu, majira ya shayiri kutoa masuke. Mwezi ukiachwa utembee wenyewe, baada ya miaka michache Pasaka itafika masuke hayajatoka. Basi wao huongeza mwezi mzima, Adari nyingine (Adari ndio mwezi unaotangulia Abibu), mara 7 katika kila miaka 19. Mwaka 2024 ulikuwa na nyongeza hiyo, ndiyo maana Pasaka yao ilianza jioni ya 22 Aprili, wakati Wakristo wa Magharibi walikwisha kusherehekea yao 31 Machi.

Wakristo wamechanganya. Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325 ulitaka makanisa yote yaadhimishe ufufuko Jumapili moja, badala ya wengine kufuata hesabu ya Wayahudi. Kanuni iliyokuja kuenea ni hii: Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia 21 Machi. Kwa hiyo Pasaka hucheza kati ya 22 Machi na 25 Aprili tu. Waorthodoksi wengi hupiga hesabu kwa kalenda ya zamani ya Julius Caesar, nao 2024 walingoja hadi 5 Mei.

Uislamu ulikataa kabisa kufidia. Waarabu wa kale walikuwa na mchezo ulioitwa nasii, wa kuahirisha miezi mitukufu ilipowabana, na wanahistoria wengi huona humo hata kuongeza mwezi. Sura ya Tawba, aya ya 36 na 37, inasema miezi ni 12 na kuulaani mchezo huo. Tangu hapo Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, na katika miaka kama 33 huwa imepita majira yote. Sisi wa karibu na ikweta hatulihisi sana, kwa kuwa magharibi haisogei. Muulize anayefunga London: Juni jua hukaa juu saa 16 na zaidi, Desemba halifikishi 8. Mimi naona hapo pana uadilifu, maana hakuna nchi inayobebeshwa siku ndefu daima.

Waswahili tuliupokea mwezi huo hadi kwenye majina. Tunahesabu tangu kufungua: Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, na Idi ya kuchinja iko Mfunguo Tatu, hadi Mfunguo Kenda, kisha Rajabu na Shaabani. Ila mwezi unaohama haukwambii lini upande mtama wala lini kusi itavuma. Kwa hayo wazee wa pwani walikuwa na mwaka mwingine, wa jua, wenye siku 365 zilizohesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi, ukianza siku ya Nairuzi. Makunduchi, Unguja, bado wanauoga kila Julai: ndio Mwaka Kogwa.

Na 2030, Ramadhani itaandama mara mbili: Januari, kisha tena mwishoni mwa Desemba.