Mchujo wa urais Marekani: majimbo ya kwanza yana nguvu gani hasa?

Kila baada ya miaka minne, Iowa na New Hampshire zikishapiga kura za mchujo, yaani kura ambazo kila chama huchagulia mgombea wake wa urais, redio zetu humtangaza mshindi kana kwamba mambo yamekwisha. Mara nyingi ndiyo kwanza yanaanza.

Dhana: Anayeshinda Iowa ndiye mgombea.

Upande wa chama cha Republican, Mike Huckabee alishinda Iowa mwaka 2008, Rick Santorum 2012, Ted Cruz 2016. Hakuna hata mmoja wao aliyepeperusha bendera ya chama. Bill Clinton mwaka 1992 alishindwa Iowa, akashindwa New Hampshire, na Ikulu akaingia.

Joe Biden naye, mwaka 2020, alikuwa wa nne Iowa na wa tano New Hampshire. Wengi walishamzika kisiasa. Ikaja South Carolina, ambako chama cha Biden, Democratic, humtegemea sana mpiga kura mweusi. Mbunge wa huko, Jim Clyburn, alimuunga mkono zikiwa zimebaki siku 3, na tarehe 29 Februari Biden akashinda kwa kishindo. Wapinzani wake Pete Buttigieg na Amy Klobuchar wakajiondoa. Tarehe 3 Machi, majimbo 14 yalipopiga kura kwa pamoja, alibeba 10.

Dhana: Basi majimbo hayo hayana uzito.

Kwa hesabu ya wajumbe, yaani wale wanaomteua mgombea kwenye mkutano mkuu wa chama, ni kweli: mwaka 2020 Iowa ilikuwa na wajumbe 41 wa Democratic kati ya karibu 4,000. Uzito wake uko kwingine. Anayefanya vibaya huko hukimbiwa na wafadhili, na asiye na fedha hawezi kuendelea. Ndiyo maana mpiga kura wa California au Texas hukuta baadhi ya wagombea wameshaondoka kabla zamu yake haijafika.

Tena kura za mwanzo hubadili imani ya watu. Mfano ulio karibu nasi ni Barack Obama, ambaye baba yake alitoka Kogelo, Siaya. Mwaka 2007 sehemu kubwa ya wapiga kura weusi walikuwa bado na Hillary Clinton. Walishuku kama Wazungu wangekubali kumpigia mtu mweusi. Tarehe 3 Januari 2008 Iowa, jimbo la Wazungu watupu karibu, likampa Obama ushindi, Clinton akawa wa tatu. Clinton alijibu kwa kushinda New Hampshire, lakini shaka ile ilikuwa imevunjika. South Carolina ilipofika, Obama alipata asilimia 55.

Dhana: Katiba ndiyo iliyopanga foleni hiyo.

Katiba ya Marekani haitaji hata vyama. New Hampshire imetangulia katika kura za mchujo tangu 1920, na inailinda nafasi hiyo kwa sheria yake yenyewe. Iowa, iliyochagua kwa mikutano ya wanachama (caucus) badala ya kura za kawaida za mchujo, iliitangulia mwaka 1972, Democratic walipobadili kanuni baada ya Hubert Humphrey kuteuliwa kuwa mgombea wao 1968 bila kushiriki mchujo hata mmoja.

Malalamiko kwamba majimbo haya mawili hayafanani na Marekani nzima yana haki, kwa maoni yangu. Mwaka 2024 Democratic waliipa South Carolina nafasi ya kwanza. New Hampshire ikagoma, ikapiga kura tarehe 23 Januari bila jina la Biden kwenye karatasi. Wafuasi wake waliliandika kwa mkono, akashinda.