Kompyuta ya zamani haishindwi na kazi ya mafaili

"Kompyuta ya zamani yenye prosesa ya Core 2 Duo na RAM ya GB 2 haiwezi kugawa mafaili kwa mbali." Maneno haya yamezoeleka mno Dodoma, na si kweli. Kazi hiyo haichoshi prosesa. Kinachobana ni mtandao. Kadi ya mtandao ya megabiti 100 kwa sekunde hupitisha takriban megabaiti 11 kwa sekunde, na ukiwa mbali, kasi ya kupakia ya intaneti ya nyumbani hubana zaidi.

Weka Debian, mfumo endeshi wa bure, bila eneokazi (madirisha na ikoni), kisha andika `sudo apt install openssh-server`, programu ya kuifikia mashine kwa mtandao. Nyumbani fungua mafaili kwa SFTP, njia salama ya kuhamisha mafaili, kupitia mlango 22 (mlango ni namba ambayo huduma hupokelea miunganisho). Kwa mbali, ruta za laini ya simu mara nyingi hazina anwani ya umma, hivyo kufungua mlango kwenye ruta ni kazi bure. Badala yake weka Tailscale, programu inayounganisha mashine kwa mtandao binafsi, kwenye mashine zote mbili: hiyo ya zamani na unayotumia ukiwa mbali. Ukiwa Kondoa utaifikia iliyoko Area C, Dodoma mjini. Mlango 445, ule wa kugawa mafaili ya Windows, usiufungue kwa intaneti kamwe.

Umeme ukikatika? Kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta, iamuru mashine ijiwashe umeme ukirudi. Saa ikirudi nyuma miaka kadhaa, betri ya CR2032, ile ya duara kama sarafu iliyo ndani ya kompyuta, imekwisha. Miunganisho salama huweza kugoma mpaka tarehe irekebishwe.