Taa ilikuwa inawaka, lakini taa gani?

Kwa miaka kumi na mbili nilisimama mahakamani upande wa Jamhuri, na majalada mengi yaliyopita mikononi mwangu yalikuwa ya unyang'anyi wa kutumia silaha. Siku hizi niko upande wa pili, natetea. Watu wakinikuta msibani au harusini swali huwa moja: "Wakili, hivi kwa nini polisi wanakamata majambazi halafu mahakama inawaachia?" Jibu fupi halijawahi kumridhisha mtu, basi leo nalitoa refu.

Nilikuwa na shahidi mmoja, mama mwenye duka. Majambazi walivunja mlango saa nane usiku wakiwa na mapanga na bunduki, wakachukua fedha na simu. Mmoja wao alimfahamu kabisa, kijana wa mtaa wa pili aliyekuwa akinunua sigara pale dukani. Nikamuuliza aliwezaje kumtambua usiku ule. "Taa ilikuwa inawaka, mheshimiwa." Nikamwomba aieleze hiyo taa. Akaeleza vizuri: balbu nyeupe juu ya kabati la soda, kijana amesimama hatua tatu kutoka alipo, uso wazi, akidai ufunguo wa droo.

Wakili wa utetezi akasimama na maelezo ambayo mama aliyatoa kituoni alfajiri ile. Yalikuwa na mstari mmoja tu: "Niliwatambua kwa msaada wa mwanga wa taa." Balbu haimo, kabati halimo, hatua tatu hazimo. Jina la kijana nalo halimo.

"Haya unayotuambia leo uliyasema polisi?"

"Sikuulizwa."

Mshtakiwa akaachiwa. Nakubaliana na hakimu mpaka leo, ingawa naamini pia kwamba yule mama hakusema uongo hata neno moja.

Kosa lile adhabu yake haipungui miaka 30 jela, na mahakama haiwezi kumfunga mtu muda huo kwa neno "taa" peke yake. Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliweka msimamo tangu mwaka 1980 katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri: ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu kuliko aina nyingine zote, na hautegemewi mpaka uwezekano wote wa kukosea uondolewe. Shahidi alimtazama mtu huyo kwa muda gani? Kwa umbali gani? Mwanga ulikuwaje? Aliwahi kumwona kabla? Kibatari cha mafuta ya taa si sawa na balbu ya ukumbini. Na tochi ni balaa lingine kabisa, maana mara nyingi anayeishika ni jambazi, na anamulika macho yako wewe.

Shauri la pili ambalo kila mpelelezi anapaswa kulijua ni la Marwa Wangiti Mwita, lililoripotiwa mwaka 2002. Humo mahakama ilisema kwamba shahidi akimtaja mshukiwa mapema iwezekanavyo, hilo ni uthibitisho mkubwa wa kuaminika kwake. Akichelewa bila sababu, shaka inaingia. Kwa lugha ya mtaani: ukishamtambua mtu, mtaje kwa wa kwanza atakayekufikia. Jirani, mjumbe, mwenyekiti wa serikali ya mtaa, yeyote. Huyo naye atakuja mahakamani kusema, "Alinitajia jina usiku uleule."

Hapo ndipo ninapoiona thamani halisi ya polisi jamii, yaani polisi kushirikiana na wananchi kuzuia uhalifu. Dhana hii ilipewa msukumo mkubwa kuanzia mwaka 2006 chini ya Mkuu wa Jeshi la Polisi (IGP) wa wakati huo, Said Mwema, na wengi huifahamu kwa mikutano ya hadhara na mechi za mpira kati ya askari na vijana. Sina ugomvi na mechi. Lakini askari kata anayejulikana kwa jina, ambaye namba yake mjumbe anayo kwenye simu, hufika majina yakiwa bado ya moto na hakuna aliyepata muda wa kutunga au kuogopa.

Ulinzi shirikishi nao, yaani wananchi wanaolinda mtaa wao, ukianza kumpiga mshukiwa, kesi imekwisha. Mshukiwa akifia mikononi mwa watu, na waliomtuma hawatajulikani tena. Maiti haitaji wenzake.

Kuna jipya linaloharibu siku hizi, nalo ni picha. Kijana anakamatwa asubuhi, saa sita uso wake uko kwenye kila kundi la WhatsApp la mtaa, jioni mashahidi wanaitwa kwenye gwaride la utambulisho. Utaratibu wa polisi unataka mshukiwa apangwe na watu wasiopungua wanane wanaofanana naye, na shahidi awe hajaoneshwa mshukiwa kabla. Shahidi aliyekwisha kuiona picha anatambua picha. Kwa sasa mimi ni wakili wa utetezi, kwa hiyo picha hizo zinanipa kazi, lakini mwenye duka zinamuumiza.

Mali ikipatikana, kesi inapata nguvu mpya, endapo itashikwa vizuri. Chukua simu iliyoibwa. Kabla mlalamikaji hajaioneshwa, aeleze kwanza alama zake: ufa kona ya juu, kava la kijani, namba ya IMEI, yaani namba ya pekee ya simu hiyo, iliyo kwenye boksi au risiti. Akioneshwa kwanza ndipo aulizwe, ni kama mwanafunzi aliyepewa majibu. Upekuzi nao uwe na shahidi huru, na hati ya ukamataji mali isainiwe palepale. Kisha kila anayeipokea simu hiyo, kutoka mpelelezi hadi mtunza vielelezo hadi mahakamani, aache saini na tarehe. Shauri la Paulo Maduka na wenzake, rufaa namba 110 ya mwaka 2007, ndilo linalotajwa kila siku kwenye hoja hii. Nimeona simu ikikataliwa kwa sababu hapakuwa na maandishi yoyote ya ilipolala kwa siku mbili.

Kukiri kwa mshtakiwa nisikuzungumzie sana. Sheria inatoa saa nne za msingi za kumhoji tangu akamatwe, na muda ukizidi bila kuongezwa kwa utaratibu, maelezo ya onyo, yaani yale mshukiwa anayoyatoa polisi baada ya kuonywa kuhusu haki zake, yako hatarini. Mpelelezi anayetegemea kukiri peke yake amejenga kwenye mchanga.

Basi siku yakikukuta, Mungu apishe mbali, fika kituoni, pata namba ya RB, yaani ya taarifa yako kituoni, na kama umeumizwa omba PF3, fomu ya polisi ya matibabu, uende hospitali. Askari anapoandika maelezo yako atakuwa amechoka, kaunta imejaa, wewe unatetemeka. Usiharakishe. Kabla hujatia saini mwambie akusomee yote kwa sauti. Ukisikia "kwa msaada wa mwanga wa taa" na hapohapo nukta, mwambie afute nukta.