Sosi ya Barbekyu ya Nyanya za Sokoni: Dhana Potofu na Ukweli

Nyanya zikijaa Marikiti, soko la Nairobi, bei ya kreti huporomoka kwa siku chache, na huo ndio wakati wa kupika sosi ya barbekyu ya kuweka friza. Malalamiko huja wiki kadhaa baadaye: sosi imetoa maji, imekuwa chungu, chupa imepasuka. Friza ndiyo hulaumiwa, ingawa mara nyingi inasingiziwa. Baridi hukishika chakula jinsi ilivyokikuta. Sosi iliyoingia na kasoro hutoka na kasoro ile ile, wakati mwingine ikiwa imezidi.

Vipimo tunavyotumia hapa ni hivi: nyanya zilizoiva kilo 5, vitunguu maji gramu 400 (kama vinne vya wastani), kitunguu saumu punje 6, pilipili hoho nyekundu 2, siki mililita 300, sukari nguru gramu 350, ukwaju uliokamuliwa vijiko 3 vya mezani, haradali ya unga kijiko 1 cha mezani, paprika vijiko 2 vya mezani, chumvi vijiko 4 vya chai, pilipili manga nusu kijiko cha chai, na karafuu 3. Pilipili ya kuwasha ni shauri la walaji. Hutoka kati ya lita moja na nusu na lita mbili. Ukwaju umeshika nafasi ya Worcestershire, sosi ya Kiingereza inayotajwa katika mapishi mengi ya Marekani na ambayo hupatikana ghali hapa. Yenyewe ina ukwaju ndani, pamoja na siki, molasi na samaki wadogo, kwa hivyo mbadala huu hauko mbali na asili.

Dhana: Nyanya ni nyanya, bora ziwe nyekundu

Ukweli: Karibu asilimia 95 ya nyanya ni maji, na kazi kubwa ya kupika sosi ni kuyafukuza. Zile zenye umbo la yai, kama Cal J na Rio Grande, zina nyama nene na ute mchache, kwa hivyo huiva kuwa sosi mapema. Money Maker na nyingine za mviringo zenye maji mengi ni tamu kwenye kachumbari, lakini kwenye sosi utachoma gesi ya ziada kwa matokeo yale yale. Muulize mama mboga ni aina gani. Akikosa jina, kata moja uangalie unene wa nyama yake.

Nyingi zinazofika Nairobi kutoka Kirinyaga au Loitokitok huchumwa zikiwa bado hazijaiva sawasawa ili zistahimili safari. Zitandaze jikoni siku mbili hadi nne, mbali na jua. Usiziweke friji kabla hazijaiva: chini ya nyuzi 12 hivi, uivaji hukwama na harufu nzuri hupungua.

Mafungu ya bei rahisi ya nyanya laini yanafaa, mradi uzipike siku hiyo hiyo. Iliyopondeka au kupasuka, kata sehemu mbaya. Yenye ukungu itupe nzima, kwa sababu kwenye tunda laini ukungu hupenya ndani kuliko doa unaloliona.

Dhana: Lazima kumenya nyanya moja moja kwa maji moto

Ukweli: Njia hiyo ni nzuri (chora msalaba kitakoni, tumbukiza kwenye maji yanayochemka sekunde 30 hadi 60, kisha kwenye maji baridi), lakini kwa kilo 5 inachosha. Rahisi zaidi ni kupika na maganda, kusaga, kisha kupitisha kwenye chujio la waya ukisukuma kwa upawa.

Kuna njia ya tatu ambayo wengi hawaijui. Osha nyanya, toa kikonyo, zigandishe nzima usiku kucha. Zikiyeyuka kwenye chujio, ganda huteleza lenyewe na maji mengi hutiririka bila moto wowote. Maji hayo yana ladha. Yapikie wali au supu. Ukiwa na friza kubwa na mtungi wa gesi unaokaribia kuisha, hii ndiyo njia yako.

Dhana: Sosi ikiwa nyepesi, unga wa konifulawa utaiokoa

Ukweli: Itaonekana imeokoka siku hiyo tu. Wanga uliopikwa hushika maji, lakini ukigandishwa na kuyeyushwa huyaachia, na ndiyo maana sosi hutoka friza ikiwa na mabonge yanayoelea kwenye maji mekundu. Unga wa ngano hufanya vivyo hivyo. Hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya friza kusingiziwa. Sosi ya kugandisha inapaswa kuwa nzito kwa kupungua maji peke yake.

Tumia sufuria pana, kwa sababu mvuke hutokea juu, na sufuria ndefu nyembamba inaweza kukuongezea saa nzima. Anza na nyanya, vitunguu, saumu na hoho bila kitu kingine. Chemsha dakika 30 hadi 40 mpaka kila kitu kivunjike. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka hapa kwenye nyuzi 94 au 95 hivi, kwa hivyo kitunguu huchelewa kulainika kuliko kitabu kilichoandikwa pwani kinavyosema. Kibonyeze kati ya vidole badala ya kutazama saa.

Epua, acha ipoe kidogo, saga. Blenda isijazwe zaidi ya nusu na kifuniko kisikazwe kabisa bali kifunikwe kwa kitambaa. Mvuke uliofungiwa hurusha sosi moto mpaka usoni. Chuja, rudisha motoni bila kifuniko, punguza hadi ibaki nusu. Hapo ndipo sukari, siki, ukwaju na viungo huingia, kisha moto mdogo dakika 40 hadi 60 huku mwiko wa ncha bapa ukikwangua chini kila baada ya dakika chache. Sukari ikiingia mwanzoni hushika chini na kuungua kabla maji hayajaisha, na ladha ya kuungua haiondoki kwa kuongeza kitu.

Kipimo cha kuaminika ni sahani baridi. Weka kijiko cha sosi, subiri dakika moja. Ikizungukwa na duara la maji, bado. Isipotoa maji, imekuwa tayari.

Kama umeshaweka konifulawa na umeshagandisha, usitupe: chemsha upya ukipiga kwa mchapo wa kupigia mayai, itashikana vya kutosha kwa mlo mmoja.

Dhana: Sufuria yoyote inafaa

Ukweli: Sufuria ya alumini isiyo na rangi ndani huliwa na asidi ya nyanya na siki ikichemka saa mbili au tatu. Utaona sehemu za ndani zimeng'aa na zimetoboka vidoa, na sosi itakuwa na ladha ya chuma. Stenlesi au sufuria ya enameli isiyobanduka ndiyo ya kazi hii. Kama una ya alumini pekee, azima.

Dhana: Molasi ya agrovet ni ile ile ya mapishi

Ukweli: Inatoka kwenye miwa, hilo ni kweli, lakini inayouzwa kwa madebe ni chakula cha ng'ombe na haisafishwi wala kuhifadhiwa kwa ajili ya watu. Sukari nguru inatoa rangi na ule utamu mzito unaotafutwa. Sifa yake imechafuliwa na watengenezaji pombe, si kosa lake. Ikwangue au iyeyushe kwenye ile siki kwanza na uchuje, maana mara nyingine huwa na vipande vya makapi ya miwa.

Na magadi? Kuna wanaoyatia "kupunguza ukali". Yanapambana na siki uliyoinunua, povu linapanda, na sosi inabaki imepooza. Kama ni kali sana, ongeza sukari kidogo au ipike zaidi.

Dhana: Ina siki na sukari, kwa hivyo itakaa hata nje ya friji

Ukweli: Hapa ndipo kosa linaweza kumfikisha mtu hospitalini. Asidi ya nyanya huwa kati ya pH 4.3 na 4.9 (namba ikipanda, asidi imepungua), na mpaka wa usalama wa kufungia kwenye chupa ni 4.6. Juu ya hapo, bakteria wa Clostridium botulinum wanaweza kuota mahali pasipo na hewa na kutoa sumu isiyo na harufu. Kila kitunguu, saumu na hoho unayoongeza huisukuma sosi kuelekea upande mbaya. Siki huirudisha, lakini kiasi gani hutajua kwa kuonja, kwa sababu sukari hufunika ukali bila kuondoa wala kuongeza asidi. Kufungia chupa za kukaa kabatini kunahitaji mapishi yaliyopimwa maabara, siki ya asilimia 5, na muda wa kuchemsha ulioongezwa kwa ajili ya mwinuko wetu. Mapishi haya hayajapimwa hivyo. Ni ya friza.

Friza nayo haiui vijidudu, huvisimamisha tu. Sosi ikiyeyuka, vinaamka. Kwa hivyo usafi wa mwanzo na upoaji wa haraka ndivyo vinavyoamua.

Kuiacha mezani usiku kucha "ipoe vizuri" ni makosa. Weka sufuria kwenye karai la maji baridi, koroga, badilisha maji mara mbili au tatu. Ishuke hadi nyuzi 21 ndani ya saa mbili, kisha chini ya 5 ndani ya saa nne zinazofuata ikiwa kwenye friji. Baada ya hapo ndipo iingie friza. Ikiingia moto itapasha vilivyo jirani.

Dhana: Jaza chupa hadi juu ili hewa isiingie

Ukweli: Maji yakiganda hupanuka kwa karibu asilimia 9. Chupa ya glasi yenye mabega, kama ya ketchup, itapasuka shingoni. Mikebe ya plastiki ya aiskrimu au ya mtindi yenye kifuniko kinachobana ni salama zaidi. Acha sentimita 2.5 juu. Gandisha kwa kiasi cha mlo mmoja, mililita 250 hadi 500. Trei ya barafu pia inafaa: kila kipande ni kama vijiko viwili vya mezani, na vikishaganda unavihamishia kwenye mkebe.

Uchungu unaosikika baada ya miezi una chanzo chake. Karafuu, pilipili manga na saumu huzidi nguvu zikigandishwa na zinaweza kuwa chungu, huku chumvi ikionekana kupungua. Ndiyo maana vipimo vya juu ni vidogo. Onja na urekebishe siku ya kula.

Dhana: Haijawa ngumu kama jiwe, basi imeharibika

Ukweli: Sukari, chumvi na siki hushusha kiwango cha kuganda, kwa hivyo sosi nzuri hukatika kwa kijiko hata ikiwa baridi sawasawa. Angalia friza yenyewe. Kisanduku cha barafu ndani ya friji ndogo ya bedsitter mara nyingi kina alama ya nyota moja, yaani nyuzi 6 chini ya sifuri, ambayo ni ya wiki moja tu. Nyota mbili ni 12 chini ya sifuri, mwezi mmoja. Nyota tatu ni 18 chini ya sifuri, na hapo sosi hubaki tamu miezi minne hadi sita.

Kwa sababu ya ulaini huo, stima ikipotea huwezi kuihukumu sosi kwa kuibonyeza. Weka friza kikombe cha maji yaliyoganda na sarafu ya shilingi juu yake. Ukirudi kutoka mashambani na kuikuta sarafu imezama chini, friza iliyeyuka na kuganda tena. Friza iliyojaa hushika baridi kama saa 48 mlango ukibaki umefungwa. Ya nusu, 24.

Dhana: Nyama ipakwe sosi tangu mwanzo ili ikolee

Ukweli: Mtindo huu wa nyanya na utamu unahusishwa zaidi na Kansas City huko Marekani, na hata huko hupakwa mwishoni. Sukari huungua kabla mbavu hazijaiva. Choma kwanza kwa chumvi, pakaza dakika 10 za mwisho, geuza, pakaza tena. (Mbuzi wa Kenyatta Market au Kiamaiko haihitaji haya yote, sosi hii ina kazi zaidi kwenye mbavu za nguruwe na mabawa ya kuku.) Yeyusha mkebe friji usiku uliotangulia, au uweke moja kwa moja kwenye sufuria kwa moto mdogo, na umimine ya kupaka kwenye bakuli lake. Iliyoguswa na brashi iliyopita kwenye nyama mbichi haichanganywi na ile ya mezani.