Papa Potwe Hali Watu: Hofu za Baharini Zisizo Mahali Pake

Nikiwaambia ndugu zangu wa bara kwamba nimeogelea na wanangu karibu na papa huko kisiwani Mafia, jibu ni moja: "We mama, una roho gani?" Hakuna anayeniuliza kuhusu maji kujaa, na mimi ninachokiogopa ni hicho. Haya ndiyo maneno ninayoyasikia, na majibu yangu.

"Papa ni papa, atakula mtu." Papa potwe ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, anaweza kuzidi mita 12, lakini riziki yake ni uduvi, visamaki na vijidudu vinavyoelea majini. Huogelea kinywa wazi, maji yakatokea mashavuni, uduvi wakabaki. Ndiyo maana kati ya Oktoba na Machi huonekana sana mbele ya Kilindoni, mji wa Mafia: anafuata chakula. Binti yangu aliniganda shingoni mpaka alipoyaona madoa meupe yamejipanga mgongoni mwa potwe kama ya kanga, akaniachia mwenyewe. Cha kuchunga ni mkia, unaweza kukupiga bila yeye kukusudia. Kaa ubavuni, kwa mbali, usimguse.

"Basi ni nyangumi." Mwanangu wa kiume alishikilia hivyo. "Tazama mkia, mjukuu wangu," nahodha akamwambia. Wa potwe umesimama wima, unapiga kushoto na kulia. Wa nyangumi umelala, unapiga juu na chini.

"Kiti cha pweza ukimtoa kwa picha moja tu, hakuna neno." Hili linaniuma, maana naliona kila likizo. Kiumbe huyu mwenye umbo la nyota hupumua kwa ngozi yake na kwa vijiguu laini vilivyo chini ya mikono yake, navyo vinahitaji maji. Mwache alipo. Mvalishe mtoto miwani ya kuzamia, alale kifudifudi kidimbwini, atulie. Ataviona vile vijiguu vikitambaa kimoja kimoja, na hiyo haipatikani kwenye picha.

"Matumbawe ni mawe." Yaliyo hai ni makazi ya wanyama wadogo mno. Ukiyakanyaga unawaua.

"Maji yamekupwa, tuna siku nzima." Hapana, jamani. Kati ya kupwa na kujaa ni kama saa 6, na wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, kina pwani kwetu hubadilika kwa zaidi ya mita 3. Tena maji hayarudi kwa kukujia usoni ukayaona. Hupitia kwanza kwenye mikondo iliyo nyuma yako, ile uliyoivuka yakiwa kifundoni. Ukigeuka, yanamfika mtoto kifuani. Kasi huzidi saa ya tatu na ya nne tangu yaanze kujaa. Na saa za jana hazifai leo, kwa kuwa kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50. Muulize mvuvi kabla hamjatoka. Sisi hutoka yakiwa bado yanakupwa, na yakisimama tu, namshika mdogo mkono, tunarudi.