Pasheni hainyonyi mwembe

Ukipanda pasheni chini ya mwembe pale Nyegezi au Ilemela, Mwanza, hukosi jirani wa kukuonya: "Huo utaunyonya mti mpaka ukauke." Si kweli. Vile vijikamba vyake vinavyojisokota kama springi hushika tawi tu, havitoboi gome. Maji na chakula vinatoka kwenye mizizi yake yenyewe, udongoni. Kata shina lake karibu na ardhi uone: baada ya siku chache majani yote ya juu yananyauka, ilhali bado yamelala juu ya mwembe mbichi kabisa.

Haidrenjia ya kutambaa, mmea wa maua wa Japani na Korea unaopanda miti, huwapotosha watu zaidi kwa sababu shina lake huota vijizizi vinavyoganda kwenye gome. Navyo ni vya kujishikiza tu. (Kwa joto letu la Mwanza sikushauri uihangaikie, inapenda nchi zenye baridi kali.)

Mnyonyaji wa kweli ni mlangamia, zile nyuzi za manjano zisizo na majani ya maana. Huo hupenyeza vinyonyeo ndani ya mmea mwingine. Ukiuona, ng'oa wote, usiache hata kipande.

Pasheni ina madhara yake, lakini ni ya kivuli na uzito. Ikifunika kilele, mwembe unakosa jua. Ipande hatua kadhaa kutoka kwenye shina, weka samadi, mwagilia kiangazi cha Juni hadi Agosti, na ipunguze kila inapokaribia kilele.